Supachaja kwenye Eunos Roadster ya mwaka 1990

Msomaji wa Shangani, Mtwara, mwenye Eunos Roadster, gari dogo la wazi la Mazda, ameuliza: “Shikamoo mzee. Nina Eunos Roadster ya mwaka 1990, injini ya lita 1.6, gia za mkono. Naitumia mwisho wa juma kwenda Lindi, na mara chache Masasi. Gerezani, Dar es Salaam, nimepata supachaja aina ya Eaton M45 iliyotolewa kwenye Mini Cooper S iliyopata ajali. Fundi wangu anasema atachonga mabano, atafunga puli na mkanda, na kazi itakwisha kwa siku tatu. Je, injini itahimili? Nitegemee nguvu kiasi gani? Na nianzie wapi?”

Marahaba, mdogo wangu. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini kwa mkanda ili kuisukumia injini hewa zaidi. Kazi hiyo inawezekana, na injini yako, ikiwa bado nzima, itahimili msukumo mdogo wa takriban bar 0.4, yaani kama PSI 6 kwa geji wanayotumia wajaza upepo. Siku tatu alizokutajia fundi zinatosha kuchonga mabano na kunyoosha mkanda. Hazitoshi kuipatia injini petroli na moto wa plagi unaolingana na hewa mpya itakayoingia, na huko ndiko injini za namna hii zinakofia. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa juu ya petroli, moto na joto, na mabano nitayagusa kidogo tu.

Tuanze na chombo chenyewe. Eaton M45 ni ya ukoo wa mashine za Roots, zilizopewa jina la ndugu wawili wa Connersville, jimbo la Indiana nchini Marekani, Philander na Francis Roots, waliopata hataza ya mashine yao ya kusukuma hewa mwaka 1860, kabla motokaa hazijazaliwa. Ndani yake kuna rota mbili zinazopishana bila kugusana, zikiikumba hewa upande mmoja na kuimwaga upande wa pili. Namba 45 ni inchi za ujazo za hewa inayopita katika mzunguko mmoja, sawa na sentimita za ujazo 737 hivi. Injini yako ina ujazo wa sentimita 1,597, nayo huuvuta ujazo huo katika kila mizunguko miwili ya krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo kila mzunguko mmoja unataka karibu 800. Ukiifunga supachaja izunguke sawa kwa sawa na krankishafti, itapeleka hewa pungufu ya ile ambayo injini ingejivutia yenyewe, na badala ya kupata msukumo utakuwa umeweka kizuizi. Ndiyo maana puli ya supachaja huwa ndogo kuliko ya krankishafti. Tuseme puli ya chini ina kipenyo cha milimita 140 na ya juu milimita 100: supachaja itazunguka mara 1.4, itakumba sentimita za ujazo 1,030 kwa kila mzunguko wa injini, na baada ya kutoa hewa inayovuja pembeni mwa rota utabaki na msukumo wa kadiri ya bar 0.4 tunayoitaka. Fundi akikuambia kwamba ataweka puli yoyote itakayopatikana, ujue hajaipiga hesabu hii.

Sasa joto. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na mashine ya Roots huipasha zaidi kuliko aina nyingine kwa sababu haiishindilii ndani ya tumbo lake. Huisukuma tu hadi kwenye manifodi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, na ni huko inakobanana na ile iliyotangulia. Chukua alasiri ya kawaida ya Mtwara yenye nyuzi 32. Kwa msukumo wa bar 0.4 na ufanisi wa asilimia 55, ambao si haba kwa mashine ya aina hii, hewa itatoka na joto la nyuzi 88 hivi. Kwa bar 0.7, ufanisi ukiwa umeshuka hadi asilimia 50, itatoka na zaidi ya nyuzi 130. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo ile asilimia 40 ya ziada unayoisoma kwenye geji ya msukumo haiingii yote kwenye silinda: bila intakula, yaani kipoza hewa kinachokaa kati ya supachaja na silinda, bar 0.4 inakupa hewa ya ziada asilimia 18 tu, na bar 0.7, pamoja na hatari zake zote, inakupa asilimia 28. Ukiweka intakula inayoishusha hewa ya bar 0.4 hadi nyuzi 50, unafika kwenye asilimia 32 hivi. Msukumo mdogo wenye intakula, basi, unaupita msukumo mkubwa usio nayo, kwa nguvu na kwa usalama pia, na mtu anayekuuzia puli ndogo zaidi kabla ya intakula anakuuzia joto. Kumbuka vilevile kwamba supachaja hula kabla ya kulisha: injini ikifika mizunguko 6,500 kwa dakika, mkanda huwa unachukua nguvu ya farasi 8 hadi 10 ili kuizungusha tu.

Watengenezaji wanalijua jambo hili vizuri, na ni busara kutazama walichofanya. Mwaka 1986 Toyota walipoifungia supachaja injini ya 4A-GE ya lita 1.6 kwenye MR2, na kuipa jina la 4A-GZE, hawakuishia kwenye puli. Waliushusha uwiano wa mgandamizo, yaani pistoni huibana hewa mara ngapi, kutoka kadiri ya 9.4 hadi 8.0, wakaweka pistoni za kufuliwa, wakaongeza intakula, na supachaja yenyewe wakaipa klachi ya sumaku ili ipumzike injini inapokuwa haina mzigo. Mini Cooper S iliyoitoa hiyo M45 yako nayo ni ya lita 1.6, ina uwiano wa 8.3, ina intakula iliyokaa juu ya injini, na ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 163. Eunos yako ina uwiano wa 9.4. Mchanganyiko wa hewa na petroli unaoingia kwenye silinda zako utakuwa umeshindiliwa mara moja na supachaja, kisha utashindiliwa na pistoni kwa nguvu kuliko Toyota au wenye Mini walivyothubutu. Ndiyo sababu ninakuzuilia kwenye bar 0.4. Fundi anaweza kukushauri ushushe uwiano kwa kuweka gasketi mbili za silinda hedi au gasketi nene ya kuchonga, usikubali. Umbo la chumba cha moto lilipangwa ili pistoni ikifika juu iusukume mchanganyiko kuelekea kwenye plagi, na ukiipandisha hedi unauharibu mpango huo na kuongeza mahali pa kuvuja, ilhali uwiano unashuka kidogo tu.

Adui tunayemkwepa ni mlipuko usiongojea zamu. Katika hali ya kawaida plagi huwasha moto, na moto huo husambaa ndani ya silinda kwa utaratibu. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi hujilipukia yenyewe kabla moto haujaifikia, na pistoni hupigwa kana kwamba kwa nyundo. Huko ndiko kugonga ninakokusema hapa. Sauti yake, ukibahatika kuisikia, inafanana na korosho zenye maganda zikitikiswa ndani ya debe. Tatizo ni kwamba katika gari la wazi, kwa mwendo wa kasi, upepo wa barabara ya Lindi unaimeza sauti hiyo, na injini yako haina sensa ya kusikia kugonga na kuchelewesha moto wa plagi, kama zilivyo nazo injini nyingi za siku hizi.

Nilijifunza hili kwa hasara ya mtu mwingine, jambo ambalo sijivunii. Miaka mingi iliyopita nilishiriki kufunga supachaja kwenye injini ya 4A-GE ya mteja mmoja wa Lindi. Tuliongeza petroli kwa kukisia, taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha moto, tukaiacha ilivyokuwa, na kwa wiki mbili gari lilifurahisha mji mzima kwa sababu mjini hakuna anayekanyaga mafuta hadi chini kwa dakika nzima. Siku alipoelekea Kilwa, kabla hajafika Mchinga, moshi wa buluu ulimfuata nyuma. Tulipoifungua tulikuta ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili kwenye pistoni ya tatu umemeguka kama biskuti. Supachaja yenyewe haikuwa na mkwaruzo.

Kuhusu petroli, hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nozo za asili za injini yako, yaani vinyunyizio vya petroli, hupitisha takriban mililita 210 kwa dakika kila moja, na kwa nguvu ya asili ya farasi 120 tayari zinafanya kazi karibu na ukomo wake. Injini yenye supachaja hupewa petroli nyingi zaidi kwa kila farasi, kwa sababu petroli ya ziada hupoza chumba cha moto. Kwa farasi 150 utahitaji kama mililita 920 kwa dakika kwa silinda zote nne, na kwa kuwa nozo haifai kubaki wazi zaidi ya asilimia 80 hivi ya muda wake, kila moja inatakiwa iwe na uwezo wa karibu mililita 290. Tafuta basi nozo za mililita 290 hadi 330, zote nne za aina moja, zilizosafishwa na kupimwa pamoja kwenye mashine. Nozo nne zilizookotwa kwenye magari manne zitakupa silinda moja inayokula kidogo kuliko nyingine, na hiyo ndiyo itakayogonga.

Seti za zamani za supachaja kwa magari haya zilikuja na rigileta inayopandisha shinikizo la petroli kadiri msukumo unavyopanda, ili nozo za asili zitoe zaidi. Njia hiyo hufanya kazi kwa shida. Petroli inayopita kwenye nozo haiongezeki sawasawa na shinikizo. Ili upate asilimia 40 zaidi lazima shinikizo liwe karibu maradufu, na pampu yenye umri wa miaka zaidi ya 30 ikidaiwa shinikizo la namna hiyo hupunguza kiasi inachotoa, wakati uleule injini inapohitaji zaidi. Weka pampu mpya hata kama ya zamani bado inanguruma vizuri.

Kuna jambo jingine la gari lako. Toleo la lita 1.6 hupima hewa kwa kilango chenye springi kilicho ndani ya boksi baada ya chujio. Hewa ikikisukuma, kontroli boksi husoma pembe yake na kukadiria petroli. Kilango kikishafunguka hadi mwisho hakina tena la kusema, na kwa hewa ya supachaja kitafika mwisho mapema. Ushauri wangu ni kukiondoa kabisa, pamoja na hukumu za kontroli boksi ya asili, na kufunga kontroli boksi inayopangwa kwa kompyuta, kama MegaSquirt, inayosoma shinikizo ndani ya manifodi na joto la hewa. Hapo ndipo utakapoweza kuipa injini petroli na taimingi tofauti kwa kila hali: moja kwa safari ya taratibu ya kwenda Mikindani, nyingine kwa kupanda Newala kutokea upande wa Masasi gari likiwa na mizigo na watu wawili. Fedha utakazotumia hapa zinaweza kuizidi bei ya supachaja yenyewe. Usishangae, na usizikwepe.

Atakayeipanga kontroli boksi hiyo lazima awe na sensa ya lamda yenye wigo mpana iliyofungwa kwenye bomba la ekzosi, ili aone kwa namba uzito wa hewa dhidi ya petroli. Safari ya kawaida huwa karibu 14.7, chini ya msukumo inatakiwa 11.5 hadi 12. Mtu anayepanga kwa kunusa moshi au kutazama rangi ya plagi asiguse gari lako. Taimingi nayo irudishwe nyuma, na kanuni ya kuanzia ni digrii 1 hivi kwa kila PSI 1 ya msukumo, kisha marekebisho yafanyike kwa uangalifu. Kabla ya hapo hakikisha taimingi ya msingi iko kwenye digrii 10, kwa kuunganisha pini za TEN na GND kwenye kiboksi cha uchunguzi na kumulika puli kwa taa ya taimingi. Wenye magari haya wengi huisogeza hadi 14 ili lichangamke, na huenda mwenye gari wa kwanza huko Japani alifanya hivyo bila kukuachia ujumbe. Plagi ziwe za baridi zaidi kwa hatua moja (kwa NGK namba ikipanda ubaridi unapanda) na mwanya wake upunguzwe kutoka milimita 1.1 hadi 0.8 hivi, maana cheche hupata taabu kuruka kwenye hewa iliyobanwa. Nunua kwa muuzaji unayemwamini. Plagi bandia ni nyingi mno sokoni.

Oktani, yaani kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kugonga, pia ina neno lake. Huko Japani, kwa viwango vyao, petroli ya kawaida huwa na oktani isiyopungua 89 na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Wewe utajaza Mtwara leo, Masasi kesho, na siku moja utajikuta unajaza kwenye dumu kijijini. Taimingi ipangwe kwa petroli duni kuliko zote unazoweza kukutana nazo, kwa sababu injini haitakusubiri ufike kwenye kituo kizuri. Inachekesha kidogo kwamba gesi asilia ya Mnazi Bay, ambayo huvumilia mgandamizo kuliko petroli yoyote ya kituoni, inapita kwenye bomba kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam huku sisi tukihangaikia oktani.

Kuna ukaguzi mmoja ambao ungeweza kuifuta safari yote, nao ni wa bure. Injini za mwanzo za gari hili, za tangu mwaka 1989 hadi kama katikati ya 1991, zilikuja na krankishafti yenye pua fupi. Pua hiyo ndiyo inayobeba gia ya taimingi beliti na puli ya mbele, na ikiwa ni fupi, kii yake, kile kipande cha chuma kinachoizuia gia isiteleze, huweza kulegea na kula mfereji wake hadi puli ikaanza kuyumba na taimingi kuhama. Dalili hizo hutokea hata bila supachaja. Sasa fikiria unaongeza mkanda mwingine uliokazwa, unaovuta pua hiyo upande mmoja na kuchukua nguvu ya farasi kadhaa. Itazame puli ya krankishafti kwa mbele: ikiwa na mikato minne, una pua fupi, ikiwa na minane, una pua ndefu. Wako watu wanaofunga supachaja kwenye pua fupi na kuishi nayo. Mimi nisingeifunga. Kwa gari la mwaka 1990 uwezekano wa kuikuta mikato minne ni mkubwa, na hapo ningetafuta kwanza injini ya mtumba yenye pua ndefu, kisha mengine yafuate.

Afya ya injini ipimwe kabla ya kununua hata bolti moja. Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje na throto, mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta, ikiwa wazi kabisa. Silinda yoyote isiachane na nyingine kwa zaidi ya asilimia 10. Ukikuta moja iko chini, tia oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama vali. Injini inayokula oili hairuhusiwi kwenye mpango huu, kwani oili inayoingia kwenye chumba cha moto huishusha oktani ya mchanganyiko na kukaribisha kugonga.

Upozaji ni sura ambayo watu wa pwani hawapaswi kuiruka. Injini hii ni ya ukoo wa zile za Mazda Familia, zinazokaa kwa kulala upande kwa upande, ambazo maji yake yaliingia mwisho mmoja na kutoka mwisho wa pili. Walipoigeuza itazame mbele kwenye Roadster, tundu la kutokea maji lililoko nyuma likazibwa na thamostati ikahamishiwa mbele, karibu na yanapoingilia, kwa hiyo silinda ya nne, ile iliyo karibu na dashibodi, inapata mzunguko hafifu kuliko wenzake. Kwa farasi 120 haidhuru. Kwa supachaja, silinda hiyo ndiyo itakayogonga kwanza, na tiba inayojulikana ni kuirudisha njia ya maji nyuma ya hedi kwa bomba jipya na thamostati kuhamia huko. Rejeta nayo itazame: tangi lake la juu la plastiki likiwa limebadilika rangi na kuelekea kahawia, siku zake zimekwisha. Usijaze maji ya kisima chenye chumvi, tumia kulanti. Halafu kuna kiyoyozi. Intakula ikiwekwa mbele ya kondensa, na kondensa iko mbele ya rejeta, hewa ya nyuzi 32 itakuwa imepashwa mara mbili kabla ya kuifikia rejeta. Mtwara hatuna foleni za kutisha kama Dar es Salaam, lakini ukiwa umesimamishwa kwenye matengenezo ya barabara saa nane mchana, feni zote mbili lazima ziwe zinafanya kazi na zenye nguvu.

Vumbi nalo. Udongo mwekundu wa Nyanda za Makonde, na unga wa salfa unaopeperuka wakati wa kupulizia mikorosho, ni mwepesi wa kupenya. Nafasi kati ya rota na ukuta wa supachaja ni nyembamba sana, na mchanga ukishaukwangua utando wa rota, uvujaji huongezeka na joto hupanda hata kama msukumo unaonekana uleule. Chujio liwe la karatasi ndani ya boksi lililofungwa, likivuta hewa kutoka nje ya boneti, na lile la koni linalokaa wazi karibu na ekzosi mwachie anayetaka picha. Mabano yapakwe rangi vizuri, kwani hewa ya chumvi ya Shangani haihurumii chuma kitupu.

Kuhusu hiyo supachaja ya Gerezani, usitume fedha kabla mtu wako hajaishika mkononi. Izungushwe kwa vidole: iwe laini, bila kukwaruza na bila kuchezacheza kwenye beringi. Kwenye Mini, M45 ina gia pande zote mbili, kwa sababu nyuma yake huzungusha pampu ya maji, na kila upande una oili yake kidogo isiyochanganyika na ya injini. Upande wa nyuma ndio hukauka na kuharibika watu wasijue. Ifunguliwe, oili inuswe, na ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, iache. Kwako pampu ya maji haitakuwepo, kwa hiyo tundu la nyuma lizibwe kwa kifuniko kilichochongwa vizuri chenye sili, lisitoe oili. Hakikisha vilevile unapata vali ya kupitisha hewa pembeni, ile inayofunguka injini ikiwa haina mzigo ili rota zizunguke bila kushindilia kitu. Bila vali hiyo gari litakula petroli na kupasha hewa hata likiwa linatembea taratibu. Throto ikae kabla ya supachaja.

Klachi ya asili, ikiwa mpya, itavumilia. Difu ya 1.6 ni ndogo kuliko ya gari la 1.8, hivyo kuondoka kwa fujo uwaachie wengine. Breki na matairi viwe vizima kabla ya yote.

Ukifanya haya, tegemea farasi 140 hadi 150. Anayekuahidi 200 kwa M45 na pistoni za asili hajui anachosema au anajua na hajali. Katika gari lenye uzito wa kilo 950 hivi tofauti hiyo ni kubwa, na utaihisi zaidi kati ya mizunguko 2,500 na 5,000, ambako tabo ndogo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo ingefanya vizuri lakini ingeleta joto la ekzosi karibu na injini katika nafasi finyu. Kwa hali yetu ya joto nakubaliana na chaguo lako la supachaja. Usijilinganishe na rafiki wa Mbeya: kule, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18, na puli ileile itaonyesha msukumo mdogo zaidi kwenye geji kuliko yako ya hapa pwani.

Jumamosi hii, kabla ya kupiga simu Gerezani, mwombe fundi wako taa, aitazame puli ya mbele, ahesabu mikato, kisha injini ikinguruma atazame kama puli inayumba. Siku hiyohiyo apime kompresheni na taimingi ya msingi. Niandikie idadi ya mikato, namba nne za kompresheni na digrii za taimingi. Kwa namba hizo sita nitakuambia kama ununue supachaja, au fedha hizo uziweke kwanza kwenye injini yenye pua ndefu.